Nyuki Asiye wa Pangani

Seifu Mwinyimadi wa Chole, kule Kisarawe, hakuwa mtu wa uongo. Hili lisemwe mapema, kwa sababu mtu akishasikia alichokifanya hachelewi kumpachika jina, na wapo waliokwisha kumpachika. Alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho, miaka hamsini na tisa, mtaratibu. Ukimwazima panga atakurudishia limenolewa. Ukimkabidhi amana ataikalia mpaka uirudie. Kwa tabia yake yote, hakuna aliyewahi kudhani kuwa yeye ndiye angekuja kumharibia mtu kazi ya miaka minne.

Lakini kosa lile alilirithi. Baba yake, marehemu mzee Mwinyimadi, alikuwa mchimba sandarusi, na babu yake vilevile. Kwa asiyeijua, sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliodondoka zamani za kale. Mti umekufa, msitu umeondoka, utomvu umebaki chini ya udongo ukikauka mpaka ukawa kama jiwe la kioo lenye rangi ya asali. Walikuwa wakiuchimba masika, ardhi ikiwa laini. Ukitoka, umevaa ganda la vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kina mama ndio waliouloweka kwenye maji ya majivu na kuusugua mpaka uangaze. Zamani wageni waliupigania kwa ajili ya vanishi. Siku hizi wanaoutaka ni wafukizaji tu, na wachimbaji wenyewe wamekwisha kwenda mbele ya haki mmoja mmoja.

Sasa wachimbaji hao walikuwa na adabu yao. Shimo halitajwi. Lakini vilevile mtu akikuuliza jambo nyumbani kwako, tena umemkaribisha na maji ameshakunywa, huwezi kumkalia kimya kama maji mtungini, huo ni utovu wa adabu. Basi wazee wakapata njia ya katikati, ukiulizwa unageuza. Shimo liko kusini, unasema kaskazini. Udongo mwekundu, unasema mweusi. Umechimba mpaka kifuani, unasema kiunoni. Na yule aliyeuliza, kwa kuwa naye ni mtoto wa wachimbaji, anaitikia, "Mungu akuzidishie," na mambo yanaishia hapo, kwa kuwa ameelewa kwamba ameombwa asiulize tena. Hakuna aliyedanganywa. Hata mke hakuonyeshwa shimo. Mama yake Seifu alisugua sandarusi ya mumewe miaka thelathini na akafa bila kujua ilikotoka.

Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyokuwa siku Dakta Firdausi alipoingia uani kwake, mwaka elfu mbili na kumi na saba. Aliletwa na mtendaji wa kata. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mhadhiri wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, mwembamba, kilemba cha kijani, begi mgongoni. Akamwamkia Seifu shikamoo vizuri kabisa, akamwamkia na Zubeda mkewe, akaketi mkekani bila kungoja kutafutiwa kiti. Akasema anatafuta sandarusi zenye wadudu ndani. Hilo lilimshangaza Seifu, kwa sababu vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vikikataliwa sokoni. Wachimbaji waliviita vyenye mgeni, na vilibaki nyumbani vya kufukizia.

Mgeni mwenyewe akaeleza, na alieleza kwa lugha ya watu. Mdudu alitua kwenye utomvu ungali unanata, ukamfunika, akabaki humo mzima mzima na nywele zake za miguuni. Huko Ulaya kuna kaharabu, ambayo ni utomvu kama huu uliokaa ardhini mamilioni ya miaka, na wasomi wameshawaandika wadudu wake kwa maelfu. Ya kwetu ni changa zaidi, ndiyo sababu imepuuzwa, na yeye hakubali ipuuzwe. Kisha akasema jambo ambalo Seifu alilishika kuliko mengine yote. Babu yake mzaa baba, mzee Mwinyijuma, alikuwa mchimba sandarusi wa papa hapa Kisarawe.

Seifu akafurahi. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kitambaa wa baba yake uliokuwa na vipande saba. Firdausi akavikagua kimoja kimoja kwa lenzi aliyoibana jichoni. Kwenye cha tano akaacha kupumua. Ndani yake mlikuwa na nyuki mdogo, wa wale wasiouma, asiyezidi punje ya mchele, na mguu wake wa nyuma ulikuwa mpana kama upawa, na juu ya upawa ule kabeba donge la utomvu. Akasema hajawahi kuona nyuki mwenye mguu wa namna ile, si hai, si mfu, wala si kwenye kitabu. 

Seifu akampa kipande kile bure. Ndipo Firdausi akatoa daftari na kuuliza kilichimbwa wapi, kina gani, udongo gani.

Naye akageuza. Hakufikiri hata kidogo, ulimi ulikwenda wenyewe kama unavyoitikia salamu. Kipande kilitoka Chole, kwenye kilima cha baba yake, udongo mwekundu, kina cha kifua. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya shimo lile, kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyekiokota. Lakini alisema Pangani, kule Kibaha, shambani kwa wakwe zake, udongo mweusi, kina cha kiuno. Tena alitabasamu akisema, kwa kuwa alikuwa akizungumza na mjukuu wa Mwinyijuma, na akangoja aambiwe Mungu akuzidishie.

Firdausi akasema ahsante sana, akaandika.

Mjukuu wa mchimbaji alikuwa kweli, ila alizaliwa na kukulia mjini, na babu yake alikufa yeye hajazaliwa. Alichokirithi ni jina. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mchimba sandarusi akikutajia mahali, mahali hapo ndipo pa kupafuta.

Mgeni alipoondoka, Zubeda alikusanya vikombe taratibu, kisha akamuuliza mumewe ni lini alichimba hata kisima huko kwao Pangani. Seifu akacheka, akasema yule ni mtoto wa wachimbaji, ameelewa. Zubeda akasema mbona yeye hakuona dalili ya mtu aliyeelewa, ameona mtu aliyeandika. Seifu akamwambia mambo ya shimo si ya wanawake. Jibu lile alikuja kulijutia peke yake, maana angemsikiliza mkewe jioni ile ile, yote yangeishia kwenye simu ya dakika mbili.

Miezi mitatu haikupita, Firdausi akapiga simu. Amepata kibali, anakwenda Pangani kuchimba, anamwomba mzee wake amwonyeshe shimo. Seifu akakubali. Alijipanga kumwambia wakikutana, na kweli alifika Pangani na maneno yote mdomoni. Lakini alipoingia uani kwa mkwewe, mzee Mbaraka, alikuta pameshonana. Mzee yule alikuwa amevaa kanzu ya Idi siku ya Jumanne. Ameita majirani, ameita balozi wa nyumba kumi, amewatangazia wote kwamba shamba lake limetoa kitu cha elimu, na kwamba mkwewe Seifu ndiye aliyeona mbali.

Jamani, ukweni. Mtu anapita na kichwa chini mbele ya mkwewe miaka thelathini na mbili, hali mbele yake, hapandishi sauti, halafu leo asimame mbele ya watu aseme baba, nilisema uongo kwa kutumia jina la shamba lako. Yupo awezaye? Labda yupo. Seifu hakuweza. Alichukua jembe, akatembea mpaka kwenye mkorosho uliokauka, akachagua mahali pa wazi, akasema, "Hapa."

Walichimba siku tatu. Seifu ndiye aliyechimba kuliko wote, kama aliyekuwa akijiadhibu. Walitoa mizizi, chupa ya soda ya zamani, na udongo mweusi ambao Firdausi aliutia kwenye vifuko na kuvipa namba. Sandarusi hawakupata hata ya kuweka kwenye kucha. Jioni ya siku ya tatu Firdausi alimkalisha pembeni, akamwambia asihuzunike, kukosa nako ni matokeo, na kwamba bila yeye kazi hii isingekuwepo. Ni hapo hasa ndipo angesema. Walikuwa wawili tu, mkwewe ameshaingia msalani kutawadha.  Seifu aliona vile vifuko vyenye namba vimepangwa kwa mstari, akaona aibu yake nayo imeshapewa namba.

Baada ya hapo alikuwa akisema kesho. Firdausi alimpigia simu mara kwa mara, kumjulia hali na kumsimulia kazi inavyokwenda, maana alishamfanya baba. Alimweleza jinsi kumwandika mdudu mpya kulivyo kazi ya subira. Unahesabu pingili za papasi zake, zile pembe mbili za kichwani. Unapima bawa na mishipa yake. Unahesabu nywele za mguu, kila mmoja na mahali pake. Unachora, unafuta, unachora tena. Unamlinganisha na kila ndugu yake aliyewahi kuandikwa, na walio kwenye makumbusho ya nchi za mbali unaomba picha, wengine hawajibu mwaka mzima. Alimwambia pia kwamba anatamani sana kupata wa pili, kwa sababu nyuki mmoja ni shahidi mmoja, na kwamba umri wa huyu aliyepo anausoma kwenye udongo aliolala. Seifu aliitikia, "Ehe, mwanangu, ehe." Simu ikikatika alikaa na kuitazama.

Mwaka uliofuata ndipo yalipokuja malori. Kulikuwa na barabara ikijengwa, mkandarasi akitafuta kifusi, na msimamizi wake akakiona kile kilima cha marehemu Mwinyimadi. Mikorosho yake ilikuwa imeshazeeka, mihogo haikubali. Akamfuata Seifu, ambaye ndiye mrithi, akamwomba wakichukue.

Hapa pana jambo ambalo Seifu hakumwambia mtu kwa muda mrefu, hata Zubeda. Alikubali haraka. Wengine walidhani ni tamaa, lakini haikuwa hivyo. Alifikiri kwamba kilima kikiondoka, shimo nalo litaondoka, na likiondoka hakutakuwa tena na Chole ya kushindana na Pangani, na neno alilolisema litakuwa limepoa. Wiki tano alisimama kando ya njia akiyahesabu malori yanayotoka na udongo mwekundu wa baba yake, na kila lori lililopita alihisi kifua kinafunguka. Alilala vizuri wiki zile. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo, kwamba alilala vizuri.

Mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na ishirini na moja, Firdausi alikuja Chole bila kutoa taarifa. Alikuwa amebeba jarida, na ndani yake kurasa kumi na nne zenye jina lake juu. Alimfungulia Seifu picha ya nyuki iliyokuzwa ikawa na ukubwa wa njiwa, mguu wa upawa na donge lake. Akamwonyesha jina la mdudu, maneno mawili ya Kilatini, la pili limetokana na Pangani. Akamwonyesha aya ya mwisho ambamo kaandika shukrani kwa Mzee Seifu Mwinyimadi, aliyetoa kielelezo na kuonyesha mahali. Zubeda aliyekuwa akichambua mchele aliinuka akaenda jikoni.

Firdausi alikuwa na habari nyingine. Wataalamu wawili kutoka nje walikuwa na mashaka, wakidai udongo wa Pangani si udongo wa kutunza sandarusi. Yeye amewajibu kwa maandishi kwamba anamwamini shahidi wake. Mwezi ujao wanakuja kuchimba naye, na kazi ile ndiyo itakayoamua kama watamkabidhi mradi mzima wa sandarusi ya pwani au watampa mtu mwingine. Akasema, "Nimewaambia mzee wangu hawezi kunipoteza."

Seifu akalifunga jarida. Kisha akasema, "Mwanangu, si Pangani."

Akaeleza yote. Adabu ya shimo, mkwe na kanzu yake, siku tatu za kuchimba mahali alipojua hapana kitu. Alisema na la malori.  Alipomaliza, yule mwanamke aliuliza swali moja tu, kwa nini hakusema pale Pangani jioni ya mwisho, walipokuwa wawili. Seifu akasema hajui. Na kweli hakujua, ila alijua kwamba jibu hilo halimtoshi mtu.

Kisha Seifu akauliza kama jina haliwezi kubadilishwa, waandike Chole. Firdausi akatikisa kichwa. Ndiyo sheria ya kazi yao, jina likishachapishwa limechapishwa, hata kama ndani yake mna uongo. Nyuki yule ataitwa wa Pangani watu wote waliopo wakiwa wameshakufa. Kinachoweza kusahihishwa ni mahali alikotoka tu. Akainuka, akavaa begi. "Nipeleke," akasema.

Walikwenda kwa miguu, nusu saa. Walipofika, palikuwa na bonde pana lenye maji ya mvua katikati, na kingo zilizochongwa na meno ya mashine. Mbuzi wawili walikuwa wakinywa maji. Firdausi akatoa kifaa cha kupimia mahali, akauliza shimo lilikuwa wapi.

Seifu alipajua. Alipajua kama mtu anavyokijua kitanda chake gizani. Alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe la mpaka, akasimama ukingoni mwa maji, akanyoosha mkono kuonyesha. Mkono ukaelekea juu. Kilima kilikuwa hapo, na shimo lilikuwa juu ya kilima, kwa hiyo mahali penyewe sasa palikuwa hewani, juu ya vichwa vyao, kiasi cha mikorosho miwili kwenda juu. Aliuweka mkono pale muda mrefu, akimweleza kwamba upande huu ndiko alikosimama yeye, upande ule baba yake, na udongo ulikuwa mwekundu wenye changarawe, na kina kilimfika hapa, kifuani.

Firdausi alisikiliza. Daftari lilikuwa wazi mkononi, kalamu imeshikwa, na hakuandika. Baadaye akasema kwa upole, bila hasira yoyote, na upole ule ndio uliomuumiza Seifu, "Mzee wangu, na hili nitajuaje kama nalo hukuligeuza?"

Seifu akataka kumwambia amuulize Zubeda. Lakini Zubeda anajua kwamba si Pangani, hajui kwamba ni hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mambo ya shimo si ya wanawake. Wachimbaji wa zamani wote wamezikwa. Udongo wenyewe uko chini ya lami, magari yanapita juu yake. Akataka kuapa, akaona kwamba kiapo chake nacho kinatoka kinywa kile kile. Akaushusha mkono.

Firdausi akafunga daftari. Akamsindikiza Seifu mpaka nyumbani, akamuaga Zubeda, akasema "Nashukuru, mzee," na hakurudi. Wataalamu wale waliambiwa wasije. Mradi alipewa mtu mwingine, hilo Seifu alilisikia kwa mtendaji.

Baada ya mwaka likaletwa jarida kwa mkono wa mtendaji, si kurasa kumi na nne safari hii, ukurasa mmoja, na kipande cha karatasi chenye tafsiri kwa mwandiko wa Firdausi mwenyewe. Aliandika kwamba amekosea kutaja Pangani, kwamba kosa ni lake yeye mwandishi, ambaye hakuhakikisha. Jina la Seifu halikutajwa popote. Alimsitiri. Na chini kabisa, pale wanapoandika mdudu alikochimbwa, palikuwa na mstari mmoja ambao Seifu aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akausoma tena akiwa ameketi: Mahali, hapajulikani.